Pale Losale Anapocheka

Utepe wa sauti ukianza kuharibika, unanuka. Si harufu kali. Ni kama soksi iliyokaushwa ndani ya nyumba wakati wa mvua. Ninyi vijana mnaofanya kazi ya sauti siku hizi hamtaijua harufu hiyo, kwa sababu sauti zenu ziko ndani ya ordinateur, kompyuta, na hazioti ukungu. Lakini Dieumerci, ambaye wengi wenu mmejifunza kwake katika studio yake ya Makiso, ameniomba niwaandikie juu ya kazi yetu ya zamani. Nimeona nianzie puani, maana mwalimu wangu alianzia hapo.

Mwalimu huyo aliitwa Papa Basile. Kabla ya kunionyesha kitufe hata kimoja cha mashine, alinifungulia makopo ya tepe, moja baada ya lingine, akaniambia ninuse. "Hii iko muzima," alisema. "Hii iko mugonjwa. Hii ilisha kufa, ila haijajua."

Sikusoma sana. Niliacha shule ya misioni mapema nikaenda kubeba mizigo bandarini, na ni kwa kubeba mizigo nilifika studio: nilileta mashine ya kurekodi kwenye mkokoteni, Papa Basile akaniuliza kama ninaogopa umeme, nikasema ndiyo, akasema basi ninafaa. Kwa hiyo msitafute mpango mzuri katika maneno haya. Nitayasema kama yanavyonijia.

Studio yetu ilikuwa ghala nyuma ya duka la Patron Kasereka. Patron alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, mtu wa misa ya asubuhi, aliyeuza chumvi, sabuni, vitambaa na magodoro, akaongeza kaseti alipoona kwamba watu wananunua nyimbo hata siku ambazo hawanunui sabuni. Magodoro ya dukani ndiyo tuliyoyasimamisha ukutani ili sauti isirukeruke. Shida ilikuwa kwamba mteja akija kutaka godoro, Patron alituma mtu kulitoa ukutani, hata tukiwa katikati ya wimbo. Kuna wimbo mmoja wa kwaya ya parokia ambao ubeti wa kwanza uko ndani ya pamba na wa pili uko ndani ya bati. Padri alisema ni Roho aliyeingia. Tulimwachia.

Tulijifunza mambo ambayo hayako katika kitabu. Jogoo wa jirani tulimfunika kwa kikapu na kitambaa cheusi, akadhani ni usiku, akanyamaza. Tuliwajua wenye mashine za kusaga unga na saa zao za kupumzika. Papa Basile alinifundisha kusikiliza huku nimefungua mdomo, maana ukifunga mdomo unasikia mate yako. Alinifundisha kupiga makofi mara moja katika chumba kipya kabla ya kuweka mikro, na kukaa kimya nione makofi yanakwenda wapi. Na alinifundisha kwamba kelele ni adui. Hilo alilisema kila siku. Kelele ya feni, ya kiti, ya kikohozi, ya pikipiki barabarani. "Mwenye kununua kaseti," alisema, "hakununua pikipiki."

Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi mwaka huu.

Mtu niliyeombwa hasa kumsema ni Losale. Mmemsikia sasa, kwa sababu kaseti yake ya zamani imetolewa upya, imesafishwa, na watu wa mbali wanaisifu. Sisi tulimjua kabla hajawa sauti. Alikuja kutoka upande wa Isangi kwa mtumbwi, na gitaa lililofungwa ndani ya mfuko wa unga, akakaa karibu na bandari kutengeneza baiskeli. Toleka zote, baiskeli za kubeba abiria, za mtaa ule zilipita mikononi mwake. Alikuwa na mafuta meusi kwenye kucha daima, na nyuzi za gitaa lake zilikuwa nyeusi vilevile.

Kaseti aliiita Kiti cha Nyuma. Alisema mwenye baiskeli anaona barabara, lakini mwenye kutengeneza baiskeli anaona nani amekaa nyuma. Aliimba juu ya watu hao. Bibi arusi aliyeshika viatu mkononi ili visichafuke. Mgonjwa aliyefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa dereva asianguke. Baba aliyepeleka mtoto wake nyumbani kutoka hospitali, mtoto ameshakufa, amemvika kofia na kumkalisha kama mtoto anayesinzia, ili toleka wakubali kumchukua. Wimbo huo wa mwisho sikuweza kuusikiliza vizuri hata nilipokuwa ninaurekodi. Niliangalia sindano za mashine, nikafanya kazi.

Alikuwa na mzaha pia. Patron alitaka jina lake litajwe katika nyimbo, kama ilivyo desturi yetu ya kutupa libanga, jina la mfadhili kupigiwa kelele katikati ya gitaa. Losale hakukataa. Alilitaja mara moja, katika wimbo wa mbuzi aliyekula mkeka wa kanisa, tena mahali ambapo huwezi kujua kama anamwita Patron ao anamwita mbuzi. Patron alisikiliza, akafurahi, akawanunulia watu wote bia.

Sasa nisikilizeni juu ya siku ya wimbo unaoitwa "Nangoja Mtumbwi".

Ilikuwa mchana wa joto baya. Mashine yenyewe ilikuwa inaunguza ukiigusa, ikabidi tufungue dirisha la uani. Na uani walikuwa mke wangu Albertine na mdogo wake Yeni. Tulikuwa tumeoana karibuni. Patron alikuwa amekubali kuwalisha wanamuziki, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na mke karibu, mke wangu ndiye aliyepika. Siku hiyo walikuwa wanatwanga pondu, majani ya muhogo, kinu kimoja, michi miwili. Mmewaona wanawake wakitwanga hivyo: mmoja akishusha, mwingine anapandisha, na michi haigusani kamwe. Dada hao walitwanga pamoja tangu wadogo huko Yanonge. Hawakuangaliana hata.

Papa Basile akaniambia nikawanyamazishe. Nikatoka. Nilikuwa kijana, nilikuwa na spika za masikioni shingoni, nilijiona mtu. Nikamwambia mke wangu kwamba tunafanya kazi.

Albertine hakusimamisha mchi. Akaniuliza: "Munataka kuimba, ao munataka kula?"

Yeni akacheka hadi akakaribia kupoteza zamu yake. Nami nikarudi ndani na swali hilo kama nilivyopewa. Losale alisikia. Akasema waachwe, yeye ndiye atawafuata. Akabeba kiti chake mpaka dirishani, akatupa mgongo sisi sote na mikro yetu, ikabidi nimfuate na waya, akasikiliza kinu kidogo kichwa kimeinama. Halafu akaanza kupiga juu ya mapigo yao.

Papa Basile aliweka kidole kwenye kitufe cha kusimamisha. Alikiacha hapo wimbo mzima bila kukibonyeza.

Wimbo ni wa mtu aliyesimama kando ya mto. Mtumbwi utamletea mke wake kutoka ng'ambo, na haufiki. Kila ubeti unaishia kwa kuuliza, "Uko wapi, mama?" kisha gitaa linanyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Aliuliza mara ya kwanza. Aliuliza tena. Alipouliza mara ya tatu, katika kile kimya, Albertine alijibu kutoka uani, bila kuacha kutwanga:

"Niko hapa, na pondu yako!"

Losale akacheka. Kicheko kifupi, cha kifuani. Kisha akaendelea na ubeti wa mwisho kama mtu aliyeonana na mke wake.

Papa Basile alisema wimbo umeharibika. Tukafunga dirisha, tukawaomba akina mama wapumzike, tukarekodi tena, safi kabisa. Tulipozisikiliza zote mbili, ile ya pili ilikuwa kama samaki wa kopo. Ni samaki, lakini hakuna mto. Papa Basile alikaa na mdomo wazi muda mrefu. Kisha akachukua wembe, akaikata ile safi kutoka kwenye utepe, akaunganisha ile yenye kinu. Ndiyo mara moja tu nilimwona akimpa adui kiti.

Wazazi wenu wanajua kilichofuata. Kaseti ile ilipigwa katika kila baa ya Mangobo, katika maboti yanayoshuka Isangi, kwa madereva wa toleka waliofunga redio kwenye usukani. Na kila ilipofika "Uko wapi, mama?" mara ya tatu, watu wote walijibu. Baa nzima. "Niko hapa, na pondu yako!" Sokoni wanawake waliwajibu waume zao hivyo. Albertine aliona haya mwanzoni, akawa anapita njia ya nyuma. Baadaye alizoea. Mtu akimtania njiani, alimwuliza kama ameleta sahani.

Hakuwa na sauti ya kwaya. Alikuwa na sauti ya kuita watoto waje kuoga.

Losale alikufa wakati wa ile vita ambayo wazazi wenu hawapendi kuwasimulia, mabomu yalipoanguka juu ya nyumba za watu ambao hawakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa ametoka kutafuta maji. Tulimzika uani mwa jirani kwa sababu njia ya makaburi haikupitika, na gitaa hatukuliona tena. Duka la Patron lilivunjwa. Waliobeba magodoro walibeba na makasha ya kaseti, wakayatupa barabarani walipoona si chakula. Papa Basile alikuwa ameshatangulia kwa ugonjwa wa kifua. Mimi nilikimbia na kitu kimoja kutoka studio, kopo lenye utepe wa kwanza wa Kiti cha Nyuma, ule ambao kaseti zote zilinakiliwa kutoka kwake.

Nitawaambia jinsi tulivyolitunza, maana huenda siku moja mmoja wenu akaletewa utepe wa bibi yake. Mji wetu una maji hewani mwaka mzima. Utepe hauwezi kukaa wazi. Chukua kopo kubwa la maziwa lenye mfuniko wa kubana. Kaanga mchele mkavu bila mafuta mpaka uwe wa kahawia, uache upoe, uutie chini ya kopo pamoja na vipande vya makaa. Juu yake weka kitambaa, juu ya kitambaa utepe. Funga. Kila mvua inapoanza, badilisha mchele. Mchele ule hunywa maji ili utepe usiyanywe. Albertine ndiye aliyeukaanga, kila mwaka, akinung'unika kwamba analisha maiti wa Losale kuliko anavyonilisha mimi.

Mwaka alipougua, hakuna aliyekumbuka mchele.

Ni mwaka huohuo Dieumerci alikuja. Alikuwa ameambiwa na watu wa kampuni moja ndogo ya ng'ambo kwamba wanatafuta Kiti cha Nyuma, wanataka kuitoa upya. Alipata jina langu kwa wazee. Nilifungua kopo mbele yake na harufu ile ikatoka. Nilijua. Nilimwambia utepe huu utapita kwenye mashine mara moja, labda, kwa hiyo aandae kila kitu kabla. Aliandaa. Alisafisha vichwa vya mashine kwa pamba na spiriti kama nilivyomwonyesha, akafuta ukungu kwa mkono, sentimita baada ya sentimita, ndiyo kazi ya kuchosha kuliko zote. Ni kijana mwenye subira. Nawaambia hivyo ili mkifika mbele msimfikirie vibaya.

Utepe ulipita. Sauti ikaingia katika ordinateur yake. Alinipigia simu kunijulisha, nami nikamwambia Albertine, ambaye wakati huo alikuwa hatoki tena kitandani. Akauliza kama na yeye anakwenda Ulaya na pondu yake. Nikasema ndiyo. Akasema nikiipata nimsikilizishe. Nikaahidi.

Hakuingoja. Alikufa mvua zilipokuwa zinaisha.

Sasa mtaelewa nilikuwa ninangoja nini. Nimefanya kazi ya kurekodi watu maisha yangu yote: makwaya, wahubiri, wagombea uongozi, mtu mmoja aliyelipa ili arekodiwe akimtukana shemeji yake. Mke wangu sikumrekodi. Wanasema mfinyanzi hulia gaeni. Simu yake ilikuwa ile ndogo ya kubonyeza, isiyoweka sauti. Picha zake ninazo. Sauti yake ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, maneno machache nyuma ya kinu, na niliwaambia watoto wetu kwamba siku ya kutoa matanga, tunapovua nguo nyeusi, tutaupiga wimbo ule asikike uani mwake. Walikuja na pesa zao za safari kwa ajili hiyo.

Dieumerci alileta kazi iliyokamilika nyumbani kwangu mchana mmoja. Alikuja na spika nzuri, akaiweka juu ya kiti, akaketi. Nilisikiliza nikiwa nimefungua mdomo, kama nilivyofundishwa.

Sitasema uongo: ilikuwa kazi kubwa. Losale aliingia chumbani. Nilisikia vidole vyake vikiteleza kwenye nyuzi, pumzi kabla ya neno, hata kucha yake. Mambo ambayo sisi hatukuyasikia siku ile, kwa sababu mashine zetu zilikuwa zinavuma. Bibi arusi wa viatu mkononi alipita. Mbuzi wa Patron alipita. Nilifurahi. Kisha gitaa la "Nangoja Mtumbwi" likaanza, na chini yake hapakuwa na kitu.

Nilifikiri ni masikio yangu. Nikangoja. "Uko wapi, mama?" mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Kikaja kimya, kimya cheupe, cha kuoshwa. Kisha Losale akacheka.

Nikamwomba arudishe. Akarudisha. Losale akacheka tena, peke yake.

"Papa, kuna kitu?"

"Hapa palikuwa na mutu."

Akaniambia hapana, hapo palikuwa na kelele. Wimbo mzima ulikuwa na kitu kinachogonga, kama mtu anayepiga mlango. Alikuwa ameitoa polepole, kazi ya siku nzima, bila kumgusa Losale. Alisema kwa furaha kidogo, kama fundi anayemwonyesha fundi. Nikamwuliza kuhusu sauti iliyokuwa nyuma ya kugonga huko.

"Nilisikia kitu cha mbali," alisema. "Nilifikiri ni watu wa inje."

"Ni watu wa inje. Ni Albertine."

Dieumerci alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Alizima spika.

Nilimwuliza kama ile ya kwanza ipo, sauti chafu kama ilivyotoka kwenye utepe. "Disque ya ordinateur ilijaa, papa. Nilibakiza ile safi."

Sikumkasirikia, ao nilimkasirikia kwa muda mfupi kisha ikashindikana. Alizaliwa baada ya vita. Hakuwahi kuwa katika baa watu wakijibu. Yeye alisikia kelele, na nani alimfundisha kwamba kelele ni adui? Mimi. Nilimfundisha tulipokuwa tunaandaa utepe, nikiwa nimekaa katika kiti chake, kwa maneno ya Papa Basile. Na mimi mwenyewe ndiye niliyetumwa uani siku ile kuinyamazisha.

Tulijaribu utepe tena, katika studio yake. Nilijua, lakini mtu hajui mpaka aone. Mashine ilipoanza kuvuta, utepe ulilia kama mlango wa zamani, ukakwama. Tulipoutoa, udongo wa kahawia ulikuwa umebaki kwenye vichwa vya mashine, na utepe wenyewe umekuwa mweupe, unaona mkono wako upande wa pili, kama utumbo wa samaki. Huo udongo ndio sauti. Dieumerci aliufuta kwa pamba, akaishika pamba hiyo mkononi, hajui aitupe wapi.

Tukaanza kutafuta kaseti. Tuliuliza mabaa, maredio, wazee wa bandari, kila mtu aliyewahi kuwa na redio. Kila mtu alikuwa nayo zamani. Mwanamke mmoja wa Mangobo alitutolea kasha tupu lenye picha ya baiskeli, amelihifadhi bila kaseti. Mwishowe mtu akatuambia kwamba dada yake Losale anaishi Banalia na hajawahi kutupa kitu cha kaka yake.

Tulikwenda kwa pikipiki ya Dieumerci, mimi nikiwa kiti cha nyuma. Barabara mnaijua. Tulifika tumekuwa wekundu wote wawili. Dada yake Losale ni mzee kuliko mimi, amenyooka, ana macho yale yale. Alitupa maji na samaki kabla ya kutuuliza shida. Nilipomweleza, aliinuka, akatupeleka nyuma ya nyumba, mpaka shambani.

Mpunga ulikuwa unakaribia kukomaa. Juu yake, kutoka mti hadi mti, ulinyooshwa utepe wa kaseti, unametameta katika jua na kuvuma katika upepo. Hakuna ndege aliyetua.

"Redio ilikufa zamani," alisema yule mama. "Kaseti ikabaki bila kazi, nikaipa kazi." Aliuinulia macho utepe. "Kumbe nilimuweka kaka yangu kuchunga mupunga."

Alisaidia kuutoa yeye mwenyewe. Tuliukunja kwenye kasha la kaseti lingine kwa kuzungusha kalamu, taratibu, mahali pengine tukiunga kwa gundi. Kule Makiso tukaupiga. Ulitoa sauti ya mvua kwenye bati, mvua isiyoisha. Mahali fulani Dieumerci aliinua kidole, akasema amesikia gitaa. Mimi sikusikia, nikamwambia sikusikia. Katika kazi hii, msimpe mtu sauti isiyokuwapo kwa sababu tu mnamhurumia.

Ni yeye aliyepata wazo la Yeni. Dada hao walifanana sauti, hata kwenye simu nilikuwa ninawachanganya. Tungeweka mikro uani, kinu kilekile bado kipo, Yeni angetwanga, angesema yale maneno, na Dieumerci angeyatia mahali pake, kwa mbali, hakuna ambaye angejua. Nakiri nilitamani. Nilikwenda kumwomba mwenyewe. Alikuwa anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," alisema, "ile siku mie nilikuwa na muchi wangu. Ya kujibu ilikuwa yake."

Sikumwomba mara ya pili.

Sahani za santuri huko ng'ambo zilikuwa zimeshatengenezwa. Zinauzwa hivyo. Dieumerci ananiambia watu wa huko wanakipenda sana kile kicheko, wanaandika kwamba ni kicheko cha mtu aliyekata tamaa, kwamba anauliza yuko wapi na hakuna anayejibu, na anacheka kwa uchungu. Aliwaandikia kuwaeleza. Walijibu kwa adabu. Mimi ninajua kilikuwa kicheko cha mtu mwenye njaa aliyeahidiwa chakula, lakini sahani haijui.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Bakizeni ile chafu. Ikijaa disque, futeni kitu kingine. Na kabla ya kuitoa kelele, ipelekeni kwa mtu aliyekuwa chumbani siku hiyo, kama bado yuko hai, mkamwulize ni nani. Mimi nilikuwa hai, ninakaa mwendo mfupi tu kutoka studio, na hakuna aliyefikiri kuuliza, wala mimi sikufikiri kusema. Nilidhani kila mtu anajua.

Siku ya kutoa matanga ilifika. Watoto wetu walikuwa wamekuja. Nilikuwa nimewaambia kwamba sauti ya mama yao haimo tena, nao wakaanza kupanga viti. Yeni alitwanga pondu ya wageni tangu asubuhi. Majirani walimletea mchi wa pili, mmoja wao akataka kusimama upande wa pili wa kinu. Yeni alimshukuru, akamwambia aangalie mafuta.

Tulisali, tukavua nguo nyeusi. Dieumerci alikuwa amekuja na spika, ameikalia kama mtu anayeficha kitu. Akaniuliza kwa macho. Nikamwambia apige, yote, toka mwanzo. Niliahidi kumsikilizisha, na hiyo ndiyo iliyokuwapo.

Wazee walikuwa wengi uani. Watu wa bandari, mama wa sokoni, madereva wa toleka waliostaafu na magoti yao. Hawakuwa wamesikia nyimbo zile tangu vita. Waliimba na bibi arusi, wakacheka na mbuzi. Kisha ikaja "Nangoja Mtumbwi", na kwa kuwa chini ya gitaa palikuwa patupu, kinu cha Yeni kikasikika kutoka jikoni. Sijui alikuwa ameanza lini kuufuata wimbo. Alikuwa anapiga pigo lake, kisha anaacha nafasi, kisha pigo lake. Alikuwa hajui kutwanga namna nyingine.

"Uko wapi, mama?" Watu waliimba naye. "Uko wapi, mama?"

Mara ya tatu nilimwona mzee mmoja wa toleka anafungua mdomo kujibu, kwa mazoea, kama walivyojibu wote miaka ile. Akakumbuka yuko uani kwa nani. Akafunga mdomo. Hakuna aliyejibu, uani kote, na kila mmoja alikuwa na maneno yale mdomoni.

Yeni akapiga. Akaacha nafasi. Akapiga.

Losale akacheka.